Kilichosahaulika Kwenye Makabidhiano

Siku mwalimu mkuu mpya alipopokea ofisi katika shule moja ya msingi wilayani Kilwa, nilikuwa miongoni mwa walimu tulioketi kwenye benchi kushuhudia. Mambo yalikwenda kwa utaratibu wake. Mhuri ulikabidhiwa, funguo zikahesabiwa, daftari la fedha likapitiwa ukurasa kwa ukurasa, madawati yakahesabiwa mazima na mabovu, leja ya vitabu ikasainiwa. Afisa Elimu Kata akasaini, mwenyekiti wa kamati ya shule naye akasaini. Mwisho tukafungua stoo. Nyuma ya mabati ya akiba palikuwa na rundo la vijitabu vya mafunzo ya walimu kazini, vile vya kufundishia kusoma, kuandika na kuhesabu katika madarasa ya chini. Mchwa walikuwa wameshaanza kazi. Mwalimu mpya aliuliza kama na hivyo vinakabidhiwa. Akajibiwa kwamba havimo kwenye orodha.

Niliokota kimoja. Pembeni mwa kurasa, kwa penseli, mwalimu fulani alikuwa ameandika mambo ya darasani kwake: wapi watoto walikwama kuunganisha silabi, siku gani alirudia somo na kwa nini, nani bado anachanganya "b" na "d". Mwandiko niliutambua. Mwenyewe alikuwa amekwisha kuhamia mkoa mwingine kumfuata mumewe. Alichojifunza juu ya watoto wa kijiji kile kwa miaka mitatu kilikuwa mikononi mwangu kikinuka udongo wa mchwa, na shule haikuwa na habari nacho.

Vijitabu vile vilitoka EQUIP-Tanzania, mpango wa kuinua ubora wa elimu uliofadhiliwa na serikali ya Uingereza kuanzia mwaka 2014 hadi 2020. Mkoa wetu wa Lindi ulikuwa katika mikoa saba ya mwanzo, pamoja na Dodoma, Kigoma, Mara, Shinyanga, Simiyu na Tabora. Waratibu elimu kata, kama walivyoitwa wakati ule, walipewa pikipiki. Walimu wakuu walifundishwa kupanga. Walimu wa madarasa ya chini walikutana shuleni kwao, wakasoma moduli pamoja na kujaribu darasani walichosoma. Tathmini huru iliyofuatilia baadhi ya mikoa hiyo iliona, kufikia mwaka 2016, kwamba watoto waliokuwa chini kabisa katika Kiswahili wamepungua. Ilitaja pia kuhama kwa walimu waliofunzwa kuwa tishio kwa mafanikio hayo. Ulipofuata mpango wa Shule Bora, nao wa Uingereza, ilichaguliwa mikoa tisa na Lindi haikuwamo. Sina kinyongo na mikoa iliyopata. Nako kuna watoto. Lakini tangu siku ile ya stoo nimeamini kwamba mafunzo ya mwalimu yakikaa nje ya orodha ya shule, yakawa mali ya mradi, siku mradi unapofunga ofisi nayo yanafungwa.

Sasa tunayo MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, na hii ni ya nchi nzima. Walimu wa shule moja wanatakiwa kukutana katika jumuiya za ujifunzaji, kusoma moduli zilizoandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, kujaribu darasani, kisha kurudi kuelezana kilichotokea. Naiunga mkono kwa moyo wote. Imeshika jambo ambalo semina za hotelini hazikulishika kamwe, kwamba mwalimu hujifunza kufundisha pale anapofundisha, akiwa na wenzake wanaowajua watoto walewale. Hofu yangu ni kuiona inaishia katika stoo ileile. Na kitakachoamua ni mambo mawili ambayo hayamo ndani ya moduli hata moja: mpango wa shule unasema nini, na mwalimu mkuu anawapangaje watu wake.

Mipango ya maendeleo ya shule nimeisoma mingi, mingine nimeshiriki kuiandika. Inafanana. Matundu ya vyoo, madawati, ukarabati wa darasa, nyumba ya mwalimu, tangi la maji, miche ya miti, lengo la ufaulu wa darasa la saba. Vyote vinahitajika, wala simlaumu mwalimu mkuu anayevitanguliza, kwa sababu mtoto hawezi kusoma huku akinyeshewa. Lakini geuza kurasa zote utafute mahali palipoandikwa walimu wa shule hii wanataka kujifunza nini mwaka huu, siku ipi, saa ngapi, nani atawaongoza, na wakati huo watoto watakuwa wapi. Mara nyingi hupaoni. Lengo la ufaulu lipo, njia ya kumfanya mwalimu aweze kulifikia haipo.

Ugumu wenyewe ni wa kweli, na nataka nieleze kwa hesabu ili nisionekane napuuza. Chukua shule ndogo ya kijiji yenye watoto 180. Kwa kigezo cha mwalimu mmoja kwa watoto 45, ikama yake ni walimu wanne, na mwalimu mkuu akiwemo. Lakini watoto hao hawakai katika madarasa manne. Kuna awali na darasa la kwanza hadi la saba, yaani madarasa manane. Kila mwalimu ana madarasa mawili kwa wakati mmoja: hili anafundisha, lile linanakili ubaoni. Akiugua mmoja, waliobaki wanabeba karibu matatu matatu. Kigezo cha 45 kilitungwa kwa shule iliyojaa. Katika vijiji vyetu vilivyotawanyika, na visiwani Songosongo, Songo Mnara na Kilwa Kisiwani, kinatoa jibu ambalo karatasi inalikubali na ratiba inalikataa. Mwalimu wa shule kama hiyo ukimwambia jumuiya ya ujifunzaji inakutana saa nne asubuhi, umemwambia ayaache madarasa manane peke yake.

Fedha nazo hazitoshi kuwa msingi. Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mtoto wa shule ya msingi kwa mwaka, na inayofika shuleni ni 6,000, kwani 4,000 hubaki kwa ajili ya vitabu. Watoto 180 ni shilingi 1,080,000 kwa mwaka, ambazo ni 90,000 kwa mwezi. Humo kuna chaki, karatasi, mitihani na bawaba ya mlango. Mwalimu mkuu asiyetaka kudanganya wenzake hawezi kuahidi posho ya mafunzo. Kinachobaki mkononi mwake ni muda na watu, na hivyo ndivyo anavyoweza kuvipanga bila kumwomba mtu.

Muda wa Kilwa una tabia yake. Kwetu, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bamvua huingia, na siku hizo maji hutoka kabisa mnamo saa nne na saa tano asubuhi. Miamba inabaki wazi. Ndio wakati wa kuchokoa pweza, na watoto wa darasa la nne na la tano wanajua bei ya pweza kuliko mimi. Miaka mingi tuliandika kwenye daftari la mahudhurio "utoro" na kuwaita wazazi. Mwaka mmoja, katika shule ya mwambao nilikofundisha, mwalimu wa taaluma alitukalisha walimu sita mchana mmoja, akaweka daftari la mahudhurio upande mmoja na kalenda ya Kiislamu upande mwingine. Utoro ulikuwa unakuja mara mbili kwa mwezi, kama saa. Tukaangalia shajara ya somo la hisabati: sehemu, mada ambayo watoto wetu walikuwa wakiifeli kila mwaka, ilikuwa imeanzishwa siku ya bamvua. Nusu ya darasa hawakuwahi kusikia utangulizi wake.

Hatukuwa na moduli ya jambo hilo, na hakuna mtu wa Dar es Salaam ambaye angeweza kutuandikia. Tulichofanya ni kupanga upya azimio la kazi: mada mpya zianze siku za maji mafu, siku za bamvua ziwe za marudio na mazoezi, na wazazi waombwe wasiwachukue watoto wadogo. Utoro haukwisha. Lakini sehemu zilianza kueleweka. Nikikumbuka mafunzo ya kazini yaliyonibadilisha kuliko yote, hayo ndiyo ninayoyakumbuka: watu sita, madaftari mawili, kalenda moja, na mwalimu wa taaluma aliyejua kuuliza.

Vijiji vya ndani, kuelekea Njinjo na Kipatimu, vina bamvua yao ya aina nyingine: watoto wanaamia ndege kwenye mpunga, wanavuna ufuta kuanzia Mei, wanaokota korosho kuanzia Oktoba. Hata mikutano ya walimu wa kata mbalimbali inahitaji kuheshimu majira. Mwalimu wa Songosongo ukimwita Kivinje mwezi Julai, kusi likiwa limekaza, umemwita kwenye hatari. Mwite wakati wa tanga mbili, bahari ikiwa imetulia. Mikutano ya ng'ambo ya mto Matandu usiiweke kwenye masika. Mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi yenyewe ilikatika pale Somanga. Ratiba ya mafunzo inayoandikwa bila kutazama bahari na mito imeandikwa kwa ajili ya mahali pengine.

Upande wa watu nao una historia yake, na kwangu unaanza na mwanamke mmoja. Nilipoajiriwa, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilitoka chuoni na cheti kizuri na woga mwingi. Mwalimu mkuu wangu wa kwanza hakunipa darasa. Kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani aliandika jina langu chini ya jina la mwalimu wa darasa la kwanza, kwa wiki tatu, kila siku vipindi viwili. Mwalimu yule wa darasa la kwanza ndiye mwanamke ninayemsema. Alikuwa wa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, hakupita sekondari. Siku ya kwanza akanivutia kigoda. "Kaa hapo, mwanangu. Leo usifundishe, tazama." Alikuwa na kikapu cha simbi alizookota pwani. Watoto walihesabu simbi, wakazipanga kumi kumi, na kabla hajaandika namba yoyote ubaoni, watoto walikuwa wameshajua kwamba 14 ni kumi moja na nne zilizobaki. Mimi chuoni nilikuwa nimefundishwa thamani ya nafasi kwa maneno. Wiki ya pili akaniachia dakika kumi za somo, kisha kipindi kizima, yeye akikaa nyuma. Tulipotoka alikuwa akiniuliza swali moja tu: "Yule wa dirishani, amejua au ameitikia?" Mpaka leo nikiingia darasani naangalia dirishani.

Hao walimu wa UPE tumezoea kuwataja kwa huruma, na ningependa tuwatazame upya. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka watoto wote wawe shuleni kufikia 1977, na walimu hawakuwepo. Kuanzia 1976, vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa vijijini mwao, sehemu ya siku wakifundisha na sehemu wakisoma, wakiwa na mkufunzi karibu nao, vitabu vya posta na vipindi vya redio, kwa miaka mitatu. Makumi ya maelfu walipatikana hivyo. Elimu yao ilikuwa na mapungufu, sikatai. Lakini nchi ilikuwa imekubali jambo moja waziwazi: shule ya kijiji ni mahali mwalimu anaposoma, na saa za kusoma zinahesabiwa kuwa kazi. Jambo hilo tuliliacha, na sasa MEWAKA inajaribu kulirudisha.

Wazee wetu hawakuliacha. Nyakanga, mkuu wa mafunzo ya jando na unyago, hapatikani kwa semina ya siku mbili. Hukaa misimu nyuma ya nyakanga mwingine. Mtoto wa fundi wa majahazi hushika kalafati kabla ya kushika tezo. Watu wa Kilwa wanaelewa mafunzo ya kukaa karibu kuliko wanavyoelewa cheti, na mwalimu mkuu akiliweka jambo hili mbele ya kamati ya shule kwa lugha hiyo, sidhani kama atapata mpinzani.

Kinachotukwamisha ni mazoea yetu ya kugawa kazi. Shule nyingi humweka mwalimu hodari darasa la saba, kwa sababu ya mtihani, na darasa la kwanza hupewa aliyefika jana au anayesubiri kustaafu. Mtoto asiyejua kusoma anapofika darasa la nne hakuna mwalimu hodari wa kumfidia. Kama ningekuwa na mamlaka ya kubadili jambo moja tu katika usimamizi wa walimu Kilwa, ningeweka hodari mmoja darasa la kwanza, na pembeni yake mwalimu mgeni, wafundishe pamoja mwaka mzima, ili mmoja akihama ujuzi usihame wote. Na ningeomba halmashauri isiwahamishe wote wawili mwaka mmoja, wala katikati ya muhula.

Kuna jambo lingine ambalo viongozi hulipita kwa haraka. Mwalimu hataonyesha udhaifu wake mbele ya mtu anayemjazia alama. Nilianza kazi wakati wa wakaguzi, ambao jina lao peke yake lilitufanya tunakili maandalio ya somo usiku. Sasa ni wathibiti ubora, na wengi wao ni watu wa msaada kweli. Tathmini ya utendaji nayo imeingia kwenye mfumo wa PEPMIS. Tathmini ina nafasi yake. Lakini mwalimu mkuu akitumia saa ya kujifunza kukusanya ushahidi wa tathmini, wiki ya pili walimu watakaa kimya, na saa ile itakuwa imekufa ingawa mahudhurio ni kamili. Wajapani, katika utaratibu wao wa kuchunguza somo, huandaa kipindi kimoja kwa pamoja, mmoja akakifundisha huku wengine wakitazama watoto, na baadaye kinachojadiliwa ni somo, si mtu aliyelifundisha. Kwa msaada wao Kenya ilianza mafunzo ya kazini ya SMASSE mwaka 1998 kwa walimu wa hisabati na sayansi. Heshima hiyo, ya kuliweka somo mezani na kumwacha mwalimu salama, haina gharama, ila inamtaka mwalimu mkuu awe wa kwanza kufundisha akitazamwa.

Saa yenyewe inatoka wapi? Katika shule ya walimu wanne nimeiona ikipatikana kwa njia moja, nayo ilianza kwenye mkutano wa wazazi. Siku moja ya wiki watoto wote waliondoka saa saba mchana, kamati ikakubali na kuandika muhtasari, na walimu wakabaki hadi saa nane na nusu. Watoto mchana huwa wanakwenda madrasa, kwa hiyo hakuna aliyepoteza. Mtoto mchanga wa mwalimu, aliyekuwa bado ananyonya, aliletwa shuleni. Chai ilichemshwa kwa kuni za shule. Daftari moja, la kaunta, liliandikwa kila wiki: tumezungumza nini, nani atajaribu nini, wiki iliyopita kulitokea nini. Daftari hilo nililiona lina miaka miwili. Hakuna mradi uliolinunua.

Na daftari kama hilo liingie kwenye makabidhiano. Baada ya mhuri, funguo na leja, mwalimu mkuu anayeondoka asome mbele ya Afisa Elimu Kata: walimu wetu wanajifunza jambo hili, wamefika hapa, anayeongoza ni fulani, kinachowashinda ni hiki. Anayepokea asaini kwamba amepokea. Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu pale Bagamoyo, ADEM, huwafundisha walimu wakuu wetu. Mstari mmoja kwenye fomu wanayoifundisha ungefanya kazi kubwa Kilwa.

Nasisitiza jambo hili mwaka huu kwa sababu ya tarehe. Watoto walioanza darasa la tatu Januari 2024 kwa mtaala ulioboreshwa watamaliza elimu ya msingi darasa la sita mwaka 2027, pamoja na darasa la saba la mwisho. Januari 2028 sekondari zitapokea makundi mawili kwa mpigo, na kila shule ya msingi itabaki na awali na madarasa sita. Ile shule yangu ya watoto 180 itabaki na kama 157. Kwa kigezo cha 45 hao ni walimu watatu na nusu, na kwa kuwa nusu hayupo, mtu wa ikama atasoma watatu, huku sekondari jirani ikilia kukosa walimu. Mwalimu wa nne ataonekana wa ziada.

Lakini darasa moja likiondoka, vipindi vyake vya wiki nzima vinaondoka nalo, na kwa walimu wanne waliozoea kubeba manane, hiyo ndiyo nafasi ya kwanza ya kupumua waliyoipata kwa miaka mingi. Mpango wa maendeleo wa shule unaandikwa kabla ya hapo. Mwalimu mkuu aandike sasa kwamba vipindi hivyo ni vya walimu kutazamana wakifundisha, ataje siku, ataje nani atakaa nyuma ya darasa la nani, kamati isaini, nakala iende kwa Afisa Elimu Kata na nyingine halmashauri, Kilwa Masoko. Mtu wa ikama atakapokuja na orodha yake Januari 2028, akute saa zile zina wenyewe.